Lainikilia: Maisha ya Mzee Japhet Mangi Ngala, Aliyeyaweka Maji ya Mnarani Mezani (1951–2025)

Kaka yangu Ngala alisema wasifu huu niuandike mimi na niusome mimi, kwa sababu katika watoto watatu wa marehemu ni mimi peke yangu ambaye sijalia. Alisema sauti yangu haitakatika. Ni kweli, haijakatika. Kasisi naye ameomba nisipite dakika kumi na tano, kwani jua la Matsangoni mnalijua na hema halikuwatosha wote. Jina langu ni Pola, mtoto wa pili. Nitayasema kwa mpangilio, tarehe kwa tarehe, kama mwenyewe angependa, maana alikuwa mtu wa kuandika kila jambo na saa yake.

Mzee Japhet Mangi Ngala aliingia duniani Jumatano, tarehe 14 Machi 1951, hapa hapa Matsangoni, katika boma lililo nyuma ya nyumba mnayoiona. Alikuwa mtoto wa nne wa Mzee Ngala wa Mramba, mgema, na mkewe Pola, ambaye jina lake ndilo nililopewa. Alipokuwa na umri wa miaka saba alifuatana na wenzake kutafuta kaa kule Mida, maji yakajaa wakiwa hawana habari. Dada yake Kanze alimvuta kwa mguu mpaka nchi kavu. Tangu siku hiyo marehemu hakuingia katika maji yaliyopita kifundo cha mguu. Shangazi Kanze yuko nasi, ameketi mstari wa mbele, na amenikumbusha nisome kwamba ulikuwa mguu wa kushoto.

Masomo ya msingi aliyapata Matsangoni kuanzia mwaka 1959 hadi 1966. Mwaka 1964 mwalimu aliwapeleka wanafunzi Mazeras kuona treni, na waliporudi akawaambia kila mtu aandike alichokiona. Marehemu hakuandika neno. Alichora reli, mistari miwili na vijiti vyake, kutoka ukurasa wa kwanza mpaka wa mwisho, kisha akaazima daftari la mwenzake akaendelea. Alichapwa viboko viwili kwa daftari lake na viwili kwa la mwenzake. Aliendelea na sekondari mjini Kilifi hadi kidato cha pili, akaacha mwaka 1969 babake alipoanguka kutoka mnazini na ikabidi mtu abaki nyumbani.

Tarehe 3 Aprili 1972 aliajiriwa na shirika la reli, akaanza kwa kufagia stesheni ya Mazeras. Baadaye akawa mtu wa kugeuza njia za reli, kisha karani wa stesheni, na mwaka 1988 akapewa cheo cha stesheni masta. Alifanya kazi Mazeras, Mariakani, na kwa miaka mingi zaidi Maji ya Chumvi. Alipenda kusema kwamba Mungu ana mzaha: yeye aliyekimbia bahari alipelekwa mahali paitwapo Maji ya Chumvi, na alipofika akakuta hakuna bahari, na maji ya kunywa yanaletwa na treni. Alistaafu tarehe 31 Machi 2006. Kwa miaka thelathini na minne hakuna treni hata moja iliyogongana na nyingine chini ya mkono wake. Hilo halimo katika barua yake ya kustaafu, lakini yeye alilitaja kila mara, nami nimeona litajwe.

Hapa inanibidi nieleze neno moja, kwa sababu wengi wenu mlilisikia nyumbani kwetu mkadhani ni Kigiriama, na Wagiriama wakadhani ni Kihindi. Kwenye reli ya njia moja, stesheni masta haruhusu treni kuondoka mpaka aulize stesheni ya mbele kama njia i wazi. Ya mbele ikijibu kwamba i wazi, jibu hilo watu wa reli huliita, kwa Kiingereza chao, lainikilia. Bila lainikilia treni haitoki, hata kama abiria wanapiga kelele na dereva amepandwa na hasira. Marehemu alilichukua neno hilo akalileta nyumbani. Mtoto akiwa na mkoba begani anakwenda shule, anasimama mlangoni na kuuliza, "Baba, laini?" Naye hujibu, "Lainikilia." Ndipo unapotoka. Cynthia, mdogo wetu, siku ya harusi yake alikaa ndani ya gari lililopambwa maua, watu wa Maina wametoka Nyahururu wanataka kuondoka, yeye akakataza gari lisiwashwe mpaka Baba apite dirishani. Shemeji yetu Maina alidhani kuna mahari iliyosahauliwa.

Mkewe, mama yetu Nyevu, alikutana naye juu ya feri ya Mnarani, siku ambazo daraja la Kilifi lilikuwa bado halijajengwa. Ilikuwa mwezi wa Agosti mwaka 1977, marehemu akirudi nyumbani likizoni. Kwa kuwa aliogopa maji, alikuwa na desturi ya kusimama katikati ya feri kabisa, amekamata chuma kwa mikono miwili, amefumba macho tangu ng'ambo hii mpaka ng'ambo ile. Msichana mmoja aliyebeba kapu la kuku akamtazama, akamwambia, "Kaka, maji hayakuli. Fumbua macho uone povu." Akafumbua. Alisema aliona kwanza povu jeupe nyuma ya feri, na maji ya kijani pande zote mbili, na baada ya hapo akamwona msichana. Ilikuwa yapata saa nne asubuhi na maji yakijaa. Walifunga ndoa tarehe 9 Desemba 1978, katika kanisa letu la hapa Matsangoni, na wakaishi pamoja miaka thelathini na mitano na karibu miezi minane, hadi Mama alipotutoka tarehe 3 Agosti 2014.

Sasa nitaeleza habari ya meza, maana najua wengine mmekuja kwa ajili ya meza.

Alipostaafu, watu walitarajia atalima. Alilima, kidogo. Lakini mwaka 2007 alichukua chumba cha uani kilichokuwa cha mbuzi, akakisakafia, akaweka meza ya mbao ya futi kumi na mbili kwa sita, akaanza kujenga reli ndogo juu yake. Reli hiyo haipo duniani. Inatoka Mariakani, inateremka hadi Mnarani, inavuka maji kwa daraja la nguzo sita, inaingia Kilifi, inapita hapa Matsangoni nyuma ya kanisa, na kuishia Malindi. Majirani walimuuliza kama Serikali imempa ramani. Akajibu, "Serikali haijaniuliza." Vichwa vya treni alivichonga kwa mwarobaini, mota alizitoa katika redio za kaseti zilizokufa. Treni zilikuwa tatu, na alizipa namba kwa kufuata kuzaliwa kwetu: namba moja Ngala, namba mbili mimi, namba tatu Cynthia. Kila safari aliiandika katika rejista, kama vile bado anafanya kazi. Vilima, miti, stesheni na minazi vilimchukua mwaka mmoja na nusu. Maji yalimchukua miaka kumi na saba iliyobaki.

Mwanzo alitia maji ya kweli. Alitandika bati, akaziba pembe kwa lami, akamimina ndoo mbili. Wiki ya pili mbu wakazaliana na daraja likaanza kushika kutu. Wala si hilo lililomkera. Kilichomkera ni kwamba maji ya kweli hayakubali kuwa madogo. Ukipuliza, wimbi linalotokea ni refu kuliko treni. Tone likining'inia kwenye nguzo lina ukubwa wa nyumba ya stesheni. "Maji hayana utoto," alisema, akayachota akaumwagilia mchicha.

Baada ya hapo alijaribu kioo cha dirisha, akakipaka rangi ya buluu kwa chini. Siku alipokimaliza alifika rafiki yake Bwana Zubeir wa Mnarani, fundi wa mashua za faiba, ambaye tunaye hapa na tunamshukuru kwa kuja. Alikizunguka kioo mara mbili, kisha akasema, "Bwana Stesheni, haya maji ya kalenda. Mnarani maji hayawi buluu hivi ila kwa alo ndegeni."

Marehemu hakukasirika. Alimuuliza basi yanakuwaje. Tangu siku hiyo wazee hao wawili, mmoja anayeishi kwa maji na mmoja anayeyaogopa, walikuwa wakienda ukingoni pale Mnarani na kukaa juu ya mawe, wanatazama tu. Watu walidhani wanauza shamba. Bwana Zubeir ndiye aliyemletea resini, ile gundi ya majimaji ya kuundia mashua, ambayo ukiitia matone ya dawa yake huganda ikawa ngumu na bado inang'aa kama imelowa. Ndiye pia aliyemfundisha kwamba rangi ya maji haitiwi ndani ya maji, hupakwa chini yake: katikati, penye kina, kijani kilichokaribia weusi, ukisogea pwani kijani kinafifia, chini ya mikoko rangi ya chai, kama gome la mkandaa lililolowekwa, na ukingoni mchanga mtupu, wa Mnarani kwenyewe, uliochekechwa kwa chujio la chai. Juu yake resini humiminwa tabaka baada ya tabaka, kila moja nyembamba kama ukucha, na kila moja hungojwa siku nzima chini ya leso, vumbi lisije likaiangukia. Mizizi ya mikoko waliifanya kwa nyuzi za katani. Walikuwa wakibishana juu ya mzizi mmoja asubuhi nzima.

Mwamuzi alikuwa Mama. Kila tabaka likikauka aliitwa, akaja na mikono yake ya unga, akainama, akatazama, akasema, "Bado. Haya si yale." Marehemu alijua anataka nini. Mama alitaka povu. Waliiunda feri ndogo kwa kipande cha bati, lakini nyuma yake maji yalikuwa yametulia kama ya kisima, na feri isiyo na povu ni feri iliyokwama. Basi wakatafuta povu. Walijaribu pamba, ikaonekana wingu limeanguka baharini. Walijaribu dawa ya meno, ikapasuka na kuleta sisimizi. Walijaribu chokaa, ikageuka manjano chini ya resini, na Mama akasema feri yao inaharisha. Mama alifariki povu halijapatikana.

Na muda wote huo hakuna treni iliyovuka daraja. Nataka hili likumbukwe. Treni zilitoka Mariakani hadi Mnarani na kurudi, na nyingine Malindi hadi Kilifi na kurudi, miaka kumi na saba. Wajukuu walilia, wakamwambia babu yao, "Tsawe, pitisha moja tu." Alikataa. Alisema stesheni masta hatoi lainikilia kwa njia ambayo haijakamilika, na kwamba chini ya daraja hilo bado hakuna maji, kuna gundi tu.

Mwaka 2016 marehemu aligunduliwa kuwa na presha. Mwaka 2023 kifua kikaanza kumsumbua, na daktari akamkataza kabisa kuivuta harufu ya resini. Akatii kwa namna yake: alikaa kwenye kigoda nje ya dirisha, akawa anaelekeza, na mtu mwingine ndani ndiye anayemimina. Alikuwa anasubiri kila mmoja wetu apate nafasi. Jumamosi, tarehe 17 Mei mwaka huu, mvua ikinyesha, nafasi ilikuwa yangu.

Mimi ni mpishi. Nafanya kazi katika hoteli moja Kikambala, mwaka wa kumi na tisa sasa. Lilikuwa limebaki tabaka moja tu, la mwisho, la kufunika maji yote. Baba aliniambia kutoka dirishani, "Pola, hili limimine kama tui la pili." Yeye alimaanisha jepesi, la kutambaa. Lakini Baba hajawahi kukuna nazi maishani mwake, nami nimezikuna maelfu, na mpishi yeyote wa Pwani anajua tui la pili hupatikanaje. Tui la kwanza ukishalikamua, unatia maji kwenye machicha, unakamua tena. Nikaenda jikoni. Nikachota kikombe cha maji, nikakitia ndani ya resini, nikakoroga vizuri kwa upawa, nikamimina. Nilikuwa nimefurahi kwamba ameniambia kwa lugha yangu.

Likawa tui kweli. Kuanzia nguzo ya tatu ya daraja mpaka karibu na ufuko wa Kilifi, maji ya miaka kumi na saba yalikuwa meupe.

Baba aliingia amejiziba pua kwa kitambaa. Alitazama kwa muda. Akauliza, "Umetia nini?" Nikasema, "Maji, Baba." Akasema, "Maji kwenye maji." Alichukua leso ya Mama akaifunika meza yote. Jioni, mkoba begani, nilisimama mlangoni nikauliza, "Baba, laini?" Akasema, "Nenda tu. Magari yatajaa."

Nilidhani ni siku hiyo tu. Nilirudi mwezi wa sita, na wa nane, na wa kumi. Tulikula pamoja, tukaongea habari za mihogo na za wajukuu, aliniuliza afya yangu. Hakuwahi kunisema vibaya. Chumba cha uani kilikuwa na kufuli, nami sikuomba ufunguo. Mwezi wa kumi nilimletea kopo jipya la resini, akasema, "Ahsante, mama." Na kila nilipouliza mlangoni alijibu, "Nenda tu." Ngala alipata lainikilia yake. Cynthia alipewa hata kwa simu. Mimi nina umri wa miaka arobaini na mitatu, nimezaa, nina wapishi sita chini yangu, na miezi hiyo yote nilikuwa nikisafiri kwenda kazini kama mtu aliyetoroka nyumbani. Hayo ndiyo niliyotaka kuyasema mbele yenu, kwa sababu wasifu unaoficha haumfai mtu aliyeandika kila kitu.

Asubuhi ya Jumanne, tarehe 9 Desemba 2025, siku waliyofunga ndoa, alikunywa uji wake akaenda chumba cha uani. Yapata saa nne na nusu, Kasiva, mke wa Ngala, alimpelekea chai akamkuta ameketi sakafuni, ameegemea mguu wa meza. Alikuwa hai. Upande wa kuume ulikuwa umekufa na ulimi umefungwa. Alipelekwa hospitalini Kilifi akalazwa siku tano. Madaktari na wauguzi walimtunza vizuri, na familia inawashukuru. Nilifika kutoka Kikambala jioni ile ile. Nililala kwenye benchi. Kila nilipotoka wodini, hata kwenda kununua maji tu, niliinama nikamuuliza, "Baba, laini?" Mdomo wake ulicheza upande mmoja. Sikuweza kujua anachosema. Jumapili, tarehe 14 Desemba, saa kumi na mbili na dakika ishirini asubuhi, nilikuwa nje nasuuza kikombe. Muuguzi akaja kuniita. Nilikikausha kikombe kwanza, nikaingia.

Sijui kwa nini nakumbuka hicho kikombe. Tangu hapo nimekuwa hivi mnavyoniona. Watu wananishika mkono, nasikia mkono. Nimepika, nimepokea wageni, nimehesabu viti.

Jumatatu Ngala alinituma nikatafute tarehe za wasifu huu katika karatasi za marehemu. Ufunguo wa chumba ulikuwa mfukoni mwa koti alilopelekwa nalo hospitalini. Nilifungua kufuli, ambalo Kasiva alilibana walipomtoa. Leso ya Mama ilikuwa imekunjwa vizuri juu ya kigoda, na meza ilikuwa wazi. Nilitazama pale nilipopaharibu. Peupe palikuwepo, lakini palikuwa pamesuguliwa pembeni, pakaachwa pana mwanzoni na pembamba mwishoni, na mbele yake, pale weupe unapoanzia, ilisimama ile feri ya bati. Ilikuwa imetoka Mnarani inakwenda Kilifi na povu lake nyuma. Juu yake, katikati ya daraja, ilisimama treni namba mbili.

Bwana Zubeir alinieleza juzi, nilipompelekea kahawa. Nitayasoma maneno yake kama alivyoyasema, naye ameniruhusu. "Babako alinita mwezi wa kumi na moja, mwanangu. Akanambia, Zubeir, nnataka uling'oe tabaka hili, limeniharibikia. Nikaja na tupa na msasa. Nimelisugua kidogo tu, akanishika mkono. Akasema, hebu wacha. Tia feri hapo. Nikaitia, nikaifunga kwa tabaka jembamba. Kisha akasema, Nyevu angelikuwako angelisema haya ndiyo yale. Miaka kumi na saba twalitafuta hilo povu, na wewe ulilipika kwa kikombe cha maji."

Nilimuuliza kwa nini Baba hakunipigia simu akaniambia. Akajibu, "Alitaka uje uone kwa macho yako. Lainikilia yako hii hakutaka kukupa kwa mdomo tu, mwanangu, wamjua. Alingoja likauke." Nilikuwa nimwambie kwamba Krismasi mpishi wa hoteli hapati ruhusa, kwamba ningekuja Januari. Nikaona haina haja.

Rejista ilikuwa wazi pembeni mwa meza, kalamu juu yake. Tangu tarehe 17 Mei treni namba moja na namba tatu zimetembea mara nyingi. Namba mbili haikutoka stesheni ya Mnarani hata siku moja. Kisha mstari wa mwisho, kwa mkono wake, herufi zimenyooka: "9 Desemba 2025. Treni namba 2. Mnarani kwenda Kilifi. Maji yamekauka, povu libaki. Lainikilia imetolewa saa nne na dakika kumi." Safu ya mwisho, ile ya kuandika imefika, ilikuwa tupu.

Nikaelewa kwamba alikuwa ameiandika, ameiwasha, na ameisimamia ikivuka, na kwamba yeye aliangukia upande huu kabla haijafika upande ule. Treni hizo hutembea mtu akibonyeza swichi tu, na alipoanguka ikasimama; sasa hata betri ilikuwa imekufa. Nilitia kidole nyuma ya behewa la mwisho nikaisukuma polepole mpaka stesheni ya Kilifi. Halafu nikachukua kalamu nikaandika, "Imefika, 15 Desemba, saa tisa na robo." Ilichelewa siku sita. Bado sikulia. Nilikaa kwenye kigoda mpaka Kasiva aliponiita kuna wageni.

Marehemu ameacha dada yake, shangazi yetu Kanze. Ameacha watoto watatu: Ngala, mimi Pola, na Cynthia, wakwe wawili, Kasiva na Maina, na wajukuu watatu, Kabibi, Mramba na Phoebe, ambao kuanzia kesho wataruhusiwa kupitisha treni darajani, kwa zamu, na kila safari iandikwe. Ameacha rafiki mmoja wa ukingoni, Bwana Zubeir. Ametanguliwa na wazazi wake, na mkewe Nyevu, ambaye kaburi lake mnaliona hapa, na Baba tumemwachia nafasi upande wa kulia wa Mama, kama alivyosimama siku ile ya feri.

Lililobaki ni desturi ya nyumbani kwetu, na ninawaomba nyote mtusaidie. Katika nyumba hii hakuna aliyewahi kutoka bila kuuliza. Baba ametutoka akiwa hana ulimi, kwa hiyo leo namuulizia mimi. Tulio upande huu tunajibu pamoja, na Mama anajibu kutoka stesheni ya mbele.

Baba anauliza: Laini?

Hatukwambii nenda tu, Baba. Lainikilia.